Glasi ya Kijani ya Mkwe

Mama Fundi, jina alilopewa na wateja kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikapinda, alihamia kwa mwanawe moyo ulipoanza kumsumbua. Chumba chake kilipakana na jiko. Kila asubuhi, akiwa bado kwenye sala, alisikia blenda ikinguruma upande wa pili wa ukuta, akaikatisha sala kabla ya amina.

Mkwewe alikuwa anasaga mchicha, spinachi na kipande cha tango. Binti wa watu alifiwa na mama yake mzazi bila kupata nafasi ya kumuuguza, akaapa huyu wa pili hatamzembea.

Siku ya kwanza glasi ililetwa na povu juu, inanuka kama uwanja uliofyekwa. Mama Fundi akapiga funda moja. Mkwe amesimama mbele yake, macho yamemtoka, anangoja.

"Tamu, mwanangu. Mungu akubarikie mikono."

Ndipo alipojifunga mwenyewe. Kesho yake ikaja glasi kubwa zaidi.

"Mama, ukianza kucheua kama ng'ombe niambie, nikanunue kamba," mwanawe alimtania.

"Nyamaza wewe! Huoni uso unavyong'aa?" mkwe akamjibu, anacheka.

Sasa, Mama Fundi alikuwa anameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Siku ya kliniki alikwenda peke yake. Muuguzi akatazama majibu ya kipimo, akakunja uso.

"Bibi, damu imeanza kuwa nzito. Dawa unameza?"

"Nameza, mwanangu. Sijakosa."

"Chakula je? Hujazidisha mboga za majani? Zinaivunja nguvu dawa hii."

Akilini alimwona mkwewe jikoni, anaambiwa kwamba alichokitoa kwa mapenzi yote ndicho kilichokuwa kinamwua mama wa pili. Mtoto yule angejipeleka wapi?

"Hapana. Nakula vilevile siku zote," alisema, na moyoni akamwomba Mungu msamaha hapohapo.

"Basi nakuongezea dozi. Ila nisikilize vizuri, bibi. Usibadilishe chochote unachokula. Mtu akizoea majani mengi, halafu ayaache ghafla kwa dozi kubwa kama hii, anavuja damu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alitoka kliniki na dozi mpya mkobani. Njia nzima ya kwenda alikuwa amepanga namna ya kuikwepa ile glasi: atasingizia tumbo, ataimwaga kwenye maua ya dirishani. Sasa hata kumwaga kumeharamishwa, na kosa ni la mdomo wake.

Asubuhi blenda haikulia. Mkwe akachungulia mlangoni, amekwisha vaa nguo za kazini.

"Mama, leo unisamehe, majani yameisha na nimechelewa. Tuipumzishe juisi siku moja?"

Ni maneno aliyoyaombea kwa machozi. Mwili mzima ulitaka kusema ndiyo.

"Usithubutu!" Sauti ilimtoka kali mpaka akajishtukia. "Muombe jirani, mwanangu. Na kipimo kilekile, usipunguze, usiongeze. Siku isipite bila hiyo glasi, nakusihi."

Mkwe akapiga makofi kwa furaha. "Nilijua tu utaipenda!" Akakimbia nje na bakuli.

Mama Fundi akakaa kitandani, mikono mapajani, akisubiri. Ilipoletwa aliinywa yote, akaigeuza glasi juu chini ili binti aone kwamba hakuna kilichobaki.