Shuka Bichi la Kupimia Nyumba

Siku hizi watu wananunua nyumba kama wanavyonunua viatu. Wanatazama rangi, wanajaribu mlango mara moja, basi. Zamani mtu alijenga, na kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza alikuwa ameshakipitia kiwanja jua na mvua, akaona maji yanakwenda wapi na upepo unatoka wapi. Ndugu na majirani walikuja na majembe yao bila kuitwa mara ya pili. Leo ukimwomba jirani akushikie ngazi anakuuliza utamlipa nini. Nilikuwa nimeshakubali kwamba hakuna tena anayejali jambo la namna hiyo, mpaka nilipofuatana na mke wa mpwa wangu kutafuta nyumba shambani.

Mtaani wanamwita Dobi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Anafua mashuka ya nyumba za wageni na ya zahanati, na amefua tangu akiwa msichana, mpaka vidole vyake vimekuwa vyeupe ncha zake kama vya mtu aliyeshika chokaa. Ni mfupi, si msemaji, na akishaamua jambo ni afadhali usogee pembeni. Mumewe, mpwa wangu, ni fundi baiskeli. Yeye ndiye msemaji wa nyumba hiyo.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya soko, mahali pa chini ambapo maji ya mtaa mzima huja kupumzika. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Ukiegemeza kiti jioni, asubuhi mgongo wa kiti umeota ukungu. Humo walikaa wao, watoto wao, na dada yangu mkubwa, mama wa mpwa wangu, ambaye ana pumu. Kwa muda mrefu dada yangu hakuwa akilala kama watu wanavyolala. Aliketi kitandani, mito mitatu mgongoni, akasinzia hivyo hivyo kama abiria. Mvua za mwisho zilipopita alilazwa, na daktari alipomruhusu kutoka hakuzunguka maneno. Aliwaambia, mvua nyingine isimkute mama huyu kwenye chumba kile.

Basi jambo lilikuwa hilo. Akiba ilikuwapo ya kununua nyumba ya kawaida nje ya mji, si ya fahari. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika nyakati za mchana. Kilichobaki ni kupata nyumba ambamo dada yangu ataweza kuvuta pumzi.

Dalali wao aliitwa Funguo, kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Watu walisema nyingi hazifungui kitu. Alitupeleka kwanza kwenye nyumba ya kando ya barabara kuu, imepakwa rangi ya samli, vigae sakafuni, baraza mbele. Mpwa wangu alisimama barazani akaitazama barabara na baiskeli zilizokuwa zikipita, uso ukamchanua.

"Hapa naweka meza yangu ya kazi," akasema. "Hapa naning'iniza matairi. Mteja ananiona kabla sijamwona."

"Na maji ya bomba yapo uani," Funguo akaongeza. "Mama Dobi hapa utafua mpaka uchoke wewe, maji yasichoke."

Dobi alikuwa amekuja na ndoo yenye mfuniko, na sote tulidhani amebeba chakula. Akaiweka chini, akauliza chumba cha mama kitakuwa kipi. Akaonyeshwa. Akafunga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi bawaba ya mlango, akafungua ndoo, akatoa shuka lililolowa, akalikamua kwa mkono kama anavyokamua siku zote, akalitandaza kwenye kamba. Kisha akafunga dirisha, akatoka, akaketi barazani.

"Tunasubiri nini?" akauliza Funguo.

"Likauke."

"Dada, mimi nimeuza nyumba kwa mahakimu na wafanyabiashara. Hakuna aliyekuja na nguo za kufua."

"Hao hawakuwa na mgonjwa wa kifua," akasema Dobi.

Baadaye alinieleza mwenyewe, maana nilimwuliza. Shuka likianikwa mahali pabaya, alisema, mkono utakwambia limekauka lakini pua haitakubali. Mahali penye unyevu huliachia shuka harufu ya uvundo, na harufu hiyo haitoki ila ufue upya. Kwake ni hasara ya kazi. Kwa mamamkwe wake ni pumzi. Chumba ambamo shuka haliwezi kukauka vizuri, mapafu ya mama nayo hayatakauka. Sikuwahi kusoma jambo hilo katika kitabu chochote, nami nimesoma vingi, vingine bila jalada.

Jua lilipopinda aliingia, akalivuta shuka usoni kama mtu anayefuta machozi. Akatoka nalo.

"Bado bichi pindoni. Na linanuka."

"Linanuka rangi," mumewe akasema. "Nyumba imepakwa juzi."

"Wameipaka juzi kwa nini?" akauliza, akapiga goti, akakwaruza ukuta karibu na sakafu kwa ukucha. Rangi ilibanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake ukuta ulikuwa mweusi. Funguo akageuka akawa anahesabu funguo zake.

Njiani mpwa wangu alinuna. Alisema mke wake angekataa hata ikulu kwa ajili ya harufu. Dobi akamwambia, "Mimi nataka bomba lile kuliko wewe unavyotaka barabara ile. Nimeliacha. Nawe acha." Akabeba ndoo yake.

Nyumba ya pili niliitafuta mimi. Niliijua tangu ujana wangu, nyumba ya udongo uliopondwa, kuta nene kama urefu wa mkono, paa limeshuka chini likatoa kivuli pande zote. Wajenzi wa leo hawawezi kuijenga hata ukiwashikia bunduki. Hawajui udongo upi wa kuchanganya, wala hawana subira ya kuuacha ukae. Wenyewe wamehamia mjini wanaishi juu ya ghorofa, wakaiacha tupu. Niliwaongoza kwa miguu, nikawaeleza habari za kila nguzo, hata mtoto wao mdogo akaniuliza kama ninaiuza mimi.

Dobi alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akafunga kamba.

Tulikaa kivulini tukala mihogo. Nilikuwa na hakika. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri, ule ambao nyumba za bati hazitaujua kamwe. Alipoingia kulitoa shuka nikamfuata. Alilinusa, akaninyooshea.

"Nusa mwenyewe, mjomba."

Lilinuka uyoga. Nikasema labda shuka lilikuja na harufu hiyo. Nikasema ndoo ilikuwa chafu. Akaniacha niseme. Nilipomaliza nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona kabla ya kitu kingine chochote. Shamba la jirani lilikuwa limelimwa hadi ukutani, udongo umepanda juu ya msingi, na mfereji wa kutolea maji ulikuwa umefukiwa. Nyumba ya namna ile inataka watu. Inataka moto jikoni kila siku na mtu wa kuzibua mfereji kila mwaka. Ikikosa watu inakunywa maji kama ngamia. Waliokuwa wakiitunza wamekufa, na wana wao wanatuma picha za harusi.

"Si tunaweza kuchimba mfereji upya?" nikamwambia.

"Tunaweza, mjomba. Na ukuta utakauka baada ya muda gani?"

Nilijua jibu. Ukuta mnene uliolowa haukauki kwa msimu mmoja. Na mawingu yale yalikuwa juu yetu.

Baada ya hapo walitazama nyumba nyingine ambako sikufuatana nao. Moja ilikuwa kavu lakini haikuwa na hati. Nyingine ilikuwa kavu, ina hati, na pembeni yake kuna mashine ya kusaga yenye vumbi la kumfukuza hata mzima. Funguo alichoka. Siku moja akasema kwa kejeli kwamba imebaki sehemu moja tu, juu kilimani, ila hiyo si nyumba, ni ghala la mahindi la chama cha wakulima kilichovunjika.

"Tupeleke," akasema Dobi.

"Dada, ni ghala."

"Nimesikia."

Nilikwenda, na niseme kweli, sijaona jengo lenye sura mbaya kama lile. Sanduku la matofali lenye paa la bati, halina baraza, halina jiko, halina choo cha maana, madirisha ni matundu membamba juu kabisa chini ya paa, pande zote mbili. Sakafu imeinuliwa juu ya vinguzo vya mawe, panya wasipande na unyevu usifike. Upepo unapita juu na chini yake mchana kutwa, na bati linagonga. Kisima kiko chini, kwenye njia panda. Kutoka hapo hadi juu ni mwinuko wa kumtoa mtu ulimi.

Shuka lilikauka kabla hatujamaliza kuzunguka jengo. Dobi akalivuta usoni, akabaki nalo hapo kwa muda. Alipolishusha alikuwa anatabasamu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Halina harufu yoyote," akasema.

Mpwa wangu alikasirika kwelikweli sasa. "Unataka nimweke mama yangu ghalani? Watu watasema nini? Fundi amemweka mamake kama gunia."

"Watasema."

"Na mimi nitafanyia wapi kazi? Nani atapanda huku kuziba pancha? Na wewe mwenyewe utafuaje, mwanamke? Maji yako kule."

"Nitafulia kule. Nitaanika huku."

"Mashuka mabichi yana uzito wa ng'ombe."

"Ndiyo maana niliolewa na fundi," akasema Dobi. "Nitengenezee mkokoteni."

Funguo akacheka hadi funguo zikalia. Mpwa wangu hakucheka. Alishuka peke yake hadi njia panda, akakaa kwenye ukingo wa kisima. Kutoka juu tulimwona akitazama watu waliokuja kuchota. Walikuja na baiskeli, madumu yamefungwa nyuma na pembeni, magurudumu yamepinda kwa uzito. Mmoja akasimama, mnyororo umetoka. Mpwa wangu akainuka akaurudisha. Aliporudi juu mikono yake ilikuwa na grisi, na hakurudia tena habari ya barabara kuu.

Lakini bado alitaka mama mwenyewe aulizwe. Alijua dada yangu ni mwanamke wa heshima zake, nami nilidhani atakataa. Tuliporudi tulimkuta kitandani, ameketi na mito yake, na mpwa wangu akamweleza kila kitu kibaya cha jengo lile bila kusahau kimoja.

Dada yangu alimsikiliza, akivuta pumzi kwa vipande. Kisha akamuuliza mkwewe, "Mahindi yalikuwa yanaoza humo?"

"Hapana, mama. Nimeuliza. Chama kilivunjika kwa ugomvi. Mahindi yalikuwa salama."

"Basi mnanipeleka lini?"

Wakanunua. Dobi hakungoja pafanane na nyumba. Waligawanya ndani kwa mbao na mapazia, wakajenga jiko nje, wakachimba choo. Nilishauri baraza, na nikapendekeza paa lishushwe kama la zamani. Dobi akasema baraza litakuja, paa hapana, upepo usizuiwe. Watoto wanatembea mbali kwenda shule na wanalalamika kila asubuhi. Bati linagonga. Mpwa wangu amefunga turubai pale njia panda, karibu na kisima, na ana kazi nyingi kuliko alizokuwa nazo mjini, ingawa hulikiri hilo pale tu mkewe asipokuwapo. Mkokoteni upo, wa magurudumu manne ya baiskeli zisizofanana, na Dobi anausukuma kupanda mwinuko bila kupumzika, kichwa chini, kama anadaiwa na kilima. Nilimwambia siku moja kwamba zamani wanawake wangekuja kumsaidia kusukuma.

"Nasukuma, mjomba," akajibu. "Nisogezee jiwe hilo."

Nikasogeza jiwe.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa nguvu, na zikakaa. Nilipanda kuwatazama siku ya mvua kubwa, nguo zimenigandia mwilini, nikitegemea kukuta yale niliyoyazoea, dada yangu ameketi, midomo imebadilika rangi, watoto wananong'ona. Nje maji yalikuwa yakiteremka chini ya sakafu kati ya vinguzo, yakaenda zake. Ndani Dobi alikuwa ameanika mashuka ya zahanati kutoka ukuta hadi ukuta, ikabidi niiname kupita. Yalikuwa yanapepea.

Nyuma ya shuka la mwisho kilikuwapo kitanda cha dada yangu. Mchana ule alikuwa amelala chali, kichwa kwenye mto mmoja, mdomo wazi, anakoroma. Mito mingine miwili mjukuu wake alikuwa ameikalia sakafuni.

Nilisimama hapo nikidondosha maji. Dobi akaja nyuma yangu na kitambaa kikavu.

"Usimwamshe," akasema. "Na usisimame chini ya mashuka yangu, mjomba, unayalowesha."