Nafasi ya Shuka Moja

Zamani shuka likisuuzwa mtoni lilitoka jeupe kama jino la mtoto. Siku hizi hata gunia la mkaa lingeyakataa maji yale. Dobi alibaki na jiwe lake la kufulia, kamba za kuanikia, na ulimi mkali kama magadi.

Walipokuja watu wa kufufua mto, wakaazi waliwasikiliza wamekunja mikono. Waliowatangulia waliwang'olesha mboga zao ukingoni, wakapiga picha, wakatokomea. Hawa wapya waliongozwa na mama mmoja wa viatu virefu vya mpira, na watu wa mtaa wakambandika jina la Mama Buti. Alitaka watu wapande miti ukingoni. Hakuna aliyegusa jembe.

Mtaa mzima ulimwamini dobi. Alijua shuka la nani lina viraka na kola ya nani ina rangi ya mdomo isiyo ya mkewe, na neno halijawahi kumtoka. Mama Buti akaenda kumwomba awasemee kwa watu. Ila hakumficha: sabuni isiingie tena mtoni, atafulia kwenye karo kule juu, na wakaguzi wakikuta nguo zimeanikwa ukingoni, ataondolewa. Dobi akaona riziki yake inakatwa na mtu aliyevaa shati jeupe pee.

"Nitasema nao, mwanangu," akajibu. "Ila nipe hilo shati nilifue kwa maji ya mto, ulivae mkutanoni."

Dobi alidhani mama yule atakimbia. Mama Buti akalivua pale pale, akabaki na fulana.

Mkutanoni alisimama na shati la rangi ya chai iliyolala, linanuka hadi viti vya nyuma. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akawangoja wamalize.

"Sitalivua mpaka mniambie tunaanza lini."

Mwenye duka, aliyekaa mbele kabisa, ndiye aliyeomba waanze kesho.

Dobi akapewa kazi ya kupima nafasi kati ya mashimo ya miti. Akapima kwa kipimo anachokijua: shuka la kitanda kikubwa. Miti ikakua imepangika vizuri, maji yakaanza kuonyesha mawe yake, na kamba zikarudi kimyakimya, safari hii kutoka mti hadi mti. Wateja ndio hawakurudi wote. Wengine walinunua mashine zinazonguruma na kung'oa vifungo, wala hazijui siri ya mtu.

Mara ya mwisho dobi kumwona Mama Buti na wenzake, walikuja na wakaguzi bila taarifa. Dobi aliwahi kuanua kamba na mashuka yote, akasimama nayo mikononi, yakimdondoshea maji miguuni. Mkaguzi mmoja akauliza mbona miti imeachana hivyo.

Mama Buti akatazama miti, akamtazama dobi, kisha akachomoa kibanio cha nguo kilichosahauliwa kwenye tawi, akakitia mfukoni.

"Mizizi yake haipendi kubanana," akasema.

Dobi akazika uso ndani ya shuka bichi. Alipoutoa walikuwa wamekwisha pinda kona, na kibanio chake kimekwenda nao.