Michembe Iliyonukia Sabuni

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilibeba mizigo Musoma, nikapika kwenye boti ya Ukerewe, nikauza dukani kwa mtu Sengerema. Nikichoka, narudi Nyakato kwa dada yangu mkubwa, ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha samaki.

Safari hiyo nilimkuta dada amekaa mlangoni, macho mekundu.

"Mama mkwe anakuja Jumamosi," alisema. "Njoo unuse."

Akavuta sanduku la bati uvunguni mwa kitanda, akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na sukari, viberiti, sabuni za kuogea za rangi ya waridi, na chini yake mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa. Mama mkwe ndiye aliyeituma baada ya mavuno. Nikatafuna kipande. Kilikuwa na ladha ya mtu aliyetoka kuoga.

Nilicheka.

"Cheka tu. Wewe una mkwe?"

Kijijini kwa mama yule, mwanamke hupimwa kwa akiba yake. Dada aliogopa kuambiwa kwamba mwana wa watu kaoa asiyejua kutunza chakula.

Nilielewa ilivyotokea. Miaka ya uhaba alikuwa akipanga foleni duka la kaya, lile la mgao, tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, na alichokipata alikificha, vyote pamoja, chini ya kufuli. Sasa sabuni za kila harufu zilimwagwa hadi barabarani mjini, lakini mkono wake ulikuwa bado unaficha.

Tulikuwa na siku nne za kumtengenezea stoo. Tulihamisha mkaa kutoka kijichumba cha nyuma, nikapigilia rafu kwa mbao za makasha. Nilizunguka soko kuu nikiwauliza wauza nafaka maswali ya kutunza chakula hadi mmoja akaniuliza kama natoka serikalini. Miguu ya rafu nikaisimamisha kwenye makopo ya maji, sisimizi wasipande. Maharage tukayachanganya na majivu, yasiliwe na wadudu. Sabuni ikabaki peke yake sandukuni.

Shemeji alichungulia. "Mmefungua duka? Leseni mnayo?"

Jumamosi mama mkwe akafika na kiroba kichwani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akanywa maji, kisha akauliza, "Ile michembe yangu bado ipo?"

Nilikuwa nimeshatunga uongo kwamba panya waliila. Dada hakunitazama.

"Ipo, mama. Lakini niliiharibu. Niliifungia na sabuni."

Akaletewa. Akatafuna, akatema kiganjani.

"Mkwe wangu, ulitaka kuniogesha tumbo?"

Shemeji aliangua kicheko. Dada alibaki amesimama, mikono imeshika khanga.

Mama akainuka, akaingia stoo. Alishika kila rafu, akatikisa debe la maharage, akasugua majivu kati ya vidole.

"Haya majivu nani kakufundisha?"

"Mdogo wangu aliyaona Sengerema."

"Hamkuyachekecha. Yana vipande vya mkaa." Akaomba chekecheo, akakaa chini, akaanza kazi bila kunitazama mimi mwalimu. Baada ya muda akasema, "Fungua kiroba hicho. Ni michembe ya msimu huu. Weka mwenyewe, nione unaiweka wapi."

Dada akaimimina kwenye debe kavu, akafunika. Alisimama mbele ya rafu zangu kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mahali pa kulala. Kisha akaliweka juu kabisa, karibu na tundu la hewa.

"Hapo mvua itapiga."

Akalisogeza.

"Hapo sawa. Na karanga zako ziko wapi?"

"Nimeshazimenya, mama."

"Umezimenya! Karanga hukaa na maganda yake."

"Zikikaa na maganda zinajaza stoo yote, mama, na hii yangu ni ndogo."

Nikatoka nje taratibu. Walikuwa bado wanabishana wakati shemeji anawasha jiko, na sauti ya dada ilikuwa inapanda.