Nilitengenezesha sofa imara Tunduma kwa bajeti ndogo, baba mkwe akagoma kuikalia

Wakuu, salamu kutoka mpakani Tunduma, huku asubuhi baridi, mchana vumbi la malori.

Chumvi ya Ivuna inapita mjini kwetu kila leo, lakini kwenye uzi huu sitaongeza hata punje. Haya yametokea sebuleni kwangu, na sofa yenyewe nimeikalia hivi ninavyoandika.

Naona humu mnaulizana sana habari za sofa. Ya dukani au ya fundi? Mbao gani, sponji gani? Nami nina la kuchangia, ila mnivumilie, maana litapitia kwa baba mkwe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba ya watoto hapa mjini. Kwetu ni Mbozi, wazazi ni wakulima wa kahawa, Wanyiha. Mume wangu ni Mndali wa Ileje, dereva wa malori yanayokwenda Kongo. Kuna wiki namwona, na kuna wiki nasikia sauti tu kutoka kwenye foleni upande wa Zambia.

Sofa yetu ya kwanza tulinunua dukani, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Haikuchukua muda ile ngozi yake ikaanza kubanduka na kuganda kwenye nguo za wageni. Siku moja mzee wa kanisa alikuja kutusalimia, akakaa, tukasikia kraa! Magoti yake yakawa usawa wa kidevu. Tulimvuta na mume wangu huku akisema "haina shida, haina shida", na ilikuwa na shida.

Tulipoipindua tukakuta ndani ni maboksi yaliyobanwa kwa pini, na vipande vya kreti za mizigo. Nilikasirika mpaka nikaipiga teke. Siku hiyo nikaapa sofa inayofuata nitaiona utumbo wake kwanza ndipo nitoe hela.

Sasa sikia.

Baba mkwe aliteleza shambani, mashamba ya Ileje mnayajua yalivyoinama, akaumia nyonga. Akatibiwa, lakini ikabidi awe anakwenda Vwawa hospitali kufanyishwa mazoezi. Kutoka kwao Itumba kila mara kwa basi dogo na ile nyonga haiwezekani. Mume wangu akaamua mzee akae kwetu mpaka apone.

Daktari alikuwa amesema jambo moja kwa msisitizo. Mzee asikae chini. Vigoda vya jikoni marufuku. Akalie kiti chenye kimo, kisichozama, chenye egemeo la mgongo na mkono wa kujisukumia anapoinuka. Akikaa vibaya, nyonga haitakaa sawa tena.

Na mimi nampenda yule mzee, niseme wazi. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, alituma gunia la maharage na ujumbe kwamba mkamwana wake asiguse jembe mwaka huo. Mimi naishi mjini, jembe silijui lilipo! Lakini nilielewa alichomaanisha.

Kwa hiyo hii sofa ilikuwa ya kwake. Watoto na wageni wangefaidi tu.

Nikaenda kwa fundi mmoja mtaa wa Sogea, tumwite Fundi Amosi. Nilimchagua kwa sababu karakana yake ina sofa zilizo uchi. Yaani fremu zimepangwa hapo nje kabla hazijavalishwa chochote, unazishika, unazitikisa, unazipanda. Fundi anayekuonyesha sofa ikiwa imevaa tayari, mwulize anaficha nini.

Bei sitaitaja. Nikitaja, nusu yenu mtasema nimepigwa, na nusu mtakwenda kumsumbua fundi wa watu.

Ila nitawaambia tulivyobana matumizi. Mbao ngumu tuliweka kwenye miguu na sehemu zinazobeba uzito, huko nyuma kwenye egemeo tukaweka paini iliyokauka vizuri. Tukachagua kitambaa cha kawaida cha kahawia, maana vumbi la Tunduma na rangi nyeupe havipatani. Hela iliyookolewa kwenye kitambaa ikaenda kwenye sponji. Nilikalia kila sponji pale karakanani mpaka Fundi Amosi akaniuliza kama nimekuja kununua au kuatamia.

Fremu ilipokamilika nikaitwa. Nikainua kona moja, na kona ya pili ikainuka nayo papo hapo bila kulia. Nikampandisha msaidizi wake juu akarukaruka. Kimya. Nikasema hii ndiyo.

Ila kwenye umbo ndipo nilipojichanganya, tangu siku ya kuagiza.

Nilitaka L-shape, ile sofa inayopinda kona. Sababu ya kwanza ni bajeti, kwa sababu ukitengeneza viti vitatu tofauti unalipia mikono sita, ila L-shape ina mikono miwili tu na watu wanakaa wengi. Sababu ya pili, sebule yangu ndogo, ingekaa kwenye kona vizuri.

Fundi akasema L-shape kwa kawaida huwa vipande viwili vinavyoungwa kwa bolti. Nikakataa. Bolti zinalegea, nikamwambia. Bolti zinalia. Nataka kitu kimoja, kuanzia mkono huu mpaka mkono ule.

"Itapitaje mlangoni, dada?"

"Tutang'oa mlango."

Na kweli tuling'oa mlango, wakuu. Majirani walisimama kutazama kama tunahamisha kabati la askofu. Ilipokaa kwenye kona yake nilijisikia mtu mwenye akili timamu kuliko wote Tunduma.

Mume wangu alimleta mzee kisha akaondoka na lori siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nikapiga magoti kwa mbali nikamsalimia, akaitikia huku anatazama pembeni kama ilivyo desturi yao. Alikuwa barazani, kwenye kile kigoda nilichokuwa nachambulia mboga.

"Karibu ndani, baba."

"Nimeshakaribia, mama. Hapa pana hewa."

Nikasema sawa, kachoka na safari, anataka upepo. Jioni baridi ikaingia. Akaingia ndani, akasimama kidogo akaitazama ile sofa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akapitiliza kwenda kulala.

Kesho yake vilevile. Na iliyofuata.

Nikaweka mto mzuri kwenye upande wake. Hakuukalia. Nikamletea kiti cha plastiki angalau aachane na kigoda, kikawa kinalegea miguu akijisukumia kuinuka, akakirudisha ndani mwenyewe. Hela ya kununua kiti kingine cha maana sikuwa nayo, yote ilikuwa imeishia kwa Fundi Amosi.

Nilikuwa namwona kupitia dirisha anavyoinuka kutoka kwenye kile kigoda. Anashika ukuta, anauma meno, anapumzika katikati. Vwawa wakamwambia mazoezi hayaendi vizuri, na wakauliza nyumbani anakalia nini. Mzee akajibu anakalia kiti.

Mimi niliumia. Nikaanza kuwaza labda ananidharau kwa sababu mimi si wa Ileje. Labda anaona nimemtapanyia mwanaye hela. Nilimpikia kwa moyo mzito siku zile, na ugali wa moyo mzito mnaujua, unakuwa na madonge.

Mwisho nikampigia simu mama mkwe, aliyebaki Itumba kuangalia mifugo. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Hicho kiti wewe unakikalia?"

"Nakikalia mama, si ndiyo kiti cha sebuleni."

"Na kilichobaki ni kiti gani?"

"Hakuna kingine cha maana. Ni hicho kimoja, kimezunguka kona."

Mama mkwe akacheka, wakuu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa mwanangu, ulitaka baba yako akae kiti kimoja na mkamwana?"

Nilikaa chini kwenye zulia.

Ngoja niwaeleze msiojua. Kwao, hasa wazee kama hawa, baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa umbali. Hawagusani, hawatazamani usoni, na hawakalii kiti kimoja. Kwetu Mbozi heshima ipo, ila nyumba niliyokulia mimi haikuwa kali kiasi hicho. Miaka yote tukienda Ileje mimi nasalimia kwa mbali, naingia jikoni kwa mama mkwe, na likizo yangu inaishia huko kwenye moshi. Sikuwahi kukaa sebule moja na mzee. Sikuwa na pa kujifunzia.

"Basi niwe natoka, akae peke yake," nikasema.

"Na ukirudi ghafla amekaa? Umtie aibu mzee na hiyo nyonga, aanze kukurupuka?"

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini? Kwamba kiti ulichomtengenezea kwa mapenzi hakikaliki? Yeye ameona bora aumie."

Hapo ndipo nililia. Sitaki kuwadanganya, nililia na simu sikioni. Kumbe siku zote zile mimi namnunia, mwenzangu ananistahi, na anailipia kwa nyonga yake.

Mume wangu nilipompata hewani akasema, "Nilidhani unajua." Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Nikaenda Sogea. Nikamwambia Fundi Amosi achukue msumeno, twende akaikate ile sofa.

Alinitazama kama nimeomba akate mguu wa mtoto. Alikuwa ameipiga picha ile kazi, anawaonyesha wateja hadi wa Nakonde, upande wa Zambia.

"Dada, L-shape watu wanaililia."

"Mimi naililia ikiwa vipande viwili."

Nilipomweleza habari ya mzee akakuna kichwa, akabeba vifaa.

Sasa wakuu, hapa sikilizeni nyie mnaouliza habari za uimara. Ile sofa ya dukani ningeipitisha msumeno ingebaki unga na pini. Hii ilikatwa katikati ya kona, na kila upande ukabaki umesimama. Fundi akaongeza miguu pale palipokatwa na kufunga ubao ubavuni. Kitambaa cha kahawia hakikutosha, nikatoa kitenge changu kizuri cha Nakonde, cha njano chenye ndege. Kwa hiyo sofa yangu ni ya kahawia, ila mbavu mbili zinazotazamana zimevaa kitenge.

Tukavisogeza. Katikati tukaacha nafasi mtu anapita bila kugusa huku wala huku.

Mzee alikuwa barazani muda wote huo. Msumeno alikuwa anausikia.

Fundi alipoondoka, nikasimama mlango wa jikoni, nikasema kwa sauti kama naongea na sufuria, "Viti sasa ni viwili. Cha dirishani ni cha baba."

Nikasikia fimbo yake ya kutembelea ikigonga sakafuni. Akaingia polepole. Akafika kwenye ile nafasi ya katikati, akaipitisha fimbo pale chini, ikatokea upande wa pili bila kugonga chochote. Akaigeuza, akaipitisha tena. Kisha akashika mkono wa sofa, akashuka taratibu, akaegemeza mgongo.

Akashusha pumzi ndefu sana.

"Huyu fundi," akasema akitazama dirishani, "anajua kutengeneza viti."

Viti, kasema. Siyo kiti.

Alikaa kwetu mpaka mazoezi yakakolea, na sasa amerudi Itumba anatembea vizuri, mama mkwe analalamika hatulii nyumbani.

Nilichojifunza ni kwamba nilikagua mbao, sponji, misumari, nikamrusharusha msaidizi wa fundi juu ya fremu, lakini swali la nani atakaa na nani sikujiuliza. Kabla hujatoa advansi, wapange watu wako juu ya hiyo sofa kichwani. Wote, pamoja na wanaokuja mara moja kwa mwaka. Na ukiona mgeni hakalii kiti chako, usikimbilie kununa.

Nyie kwenu ikoje? Wa Ileje mpo humu, nisahihisheni nilipokosea. Na mliooa au kuolewa kabila lingine, leteni yenu tucheke wote, maana nimechoka kuchekwa peke yangu.

Wageni wakija wananiuliza mbona hizi sofa hatuziunganishi, zinaonekana zilikuwa moja. Nawaambia ziko sawa hivyo.

Kuna mchana mmoja, kabla mzee hajaondoka, mvua ilinyesha nikarudi mapema kutoka sokoni. Nikakaa upande wangu nakunja nguo za watoto. Yeye alikuwa upande wake, fimbo imelala magotini. Hatukuongea, hatukutazamana. Nilipomaliza kukunja nikasikia anakoroma.