Vidoti vyekundu kwenye besi ya baba

Leo nimemliza mama kwa kitambaa na spiriti.

Nilikuwa nasafisha gitaa la besi la marehemu baba, lile alilopigia bendi huku Temeke miaka ya tisini. Shingo ya gitaa haina vile vyuma vya kuonyesha pa kubonyeza, baba aling'oa vyote mwenyewe.

Ubavuni mwa shingo nikaona vidoti vyekundu. Nikadhani uchafu, msinicheke. Nikafuta.

Mama akauliza, "Zile alama ziko wapi?"

Kumbe ni rangi ya kucha ya mama. Baba alikuwaga anabonyeza uzi, anasikiliza, anasema "hapa," mama anaweka kidoti, ili vidole visipotee jukwaani.

Nikakimbia dukani kununua rangi nyekundu.

Mama kashika kibrashi, kaliinamia gitaa, anasubiri.

"Sasa nani ataniambia 'hapa'?"