Imelda Raley arudi kwenye meza ya bourbon changa

Imelda Raley hajanywa kahawa leo. Hajapiga mswaki kwa dawa, hajajipaka mafuta yenye manukato, na mumewe Garnett alikatazwa kuvuta sigara ndani ya gari walipokuwa wakija. Sasa amekaa kwenye chumba kidogo cha kiwanda cha bourbon, wiski ya mahindi ya Kimarekani, nje ya mji wa Lebanon, Kentucky, na mbele yake kuna glasi tatu za buluu zilizofunikwa.

Glasi mbili zina kitu kimoja. Ya tatu ni tofauti. Kazi yake ni kusema ni ipi, na lazima apatie katika raundi zote tatu. Akishindwa, kiti chake kwenye meza ya waonjaji kitapewa mtu mwingine.

"Usiitazame sana, haitakupa jibu," anamtania Odell Buckler, mwonjaji mwenzake anayekaribia kustaafu.

"Mzee Odell, nyamaza kwanza. Mdomo wako nao una harufu yake," anajibu Imelda bila kuinua kichwa.

Ananusa ya kwanza, ananusa ya pili, anarudi ya kwanza. Anaonja kidogo, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo. Hakuna anayemeza hapa. Kwaresima inapofika, wakati nusu ya parokia yake imeacha bourbon, yeye huendelea kuonja na kutema, na kila mwaka Odell humuuliza kama Mungu anahesabu na mate.

"Ya kulia," anasema. Noreen Luckett, msimamizi wa meza, anaandika. Uso wake haumwambii mtu chochote.

Imelda ana miaka hamsini na minne. Alianza kazi kwenye ghala akisukuma mapipa pamoja na wanaume, akahamia kwenye mashine za kujaza chupa, kisha akaitwa mezani baada ya bosi mmoja kugundua kwamba hukunja pua kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia harufu. Anachoonja si ile bourbon ya kufungiwa kabatini. Ni ya miaka mitatu, yenye kibandiko cha kijani, inayouzwa dola kumi na nane. Watu wa huku huichanganya na kola, huimimina kwenye keki ya matunda, na huinywa harusini na matangani.

Wapo wanaoicheka. Imelda hana subira nao hata kidogo.

"Ya miaka kumi na miwili imeshavaa koti. Mbao za mwaloni za pipa zimefunika kila kitu," anasema. "Hii ya kijani iko uchi. Mahindi unayasikia, chachu unaisikia, na kama kuna kosa, unalisikia pia. Mimi siitafutii uzee. Naiuliza tu: wewe ni safi? Una utamu wako? Unanichoma kooni halafu unaniacha salama? Basi, nenda dukani."

Kisha anaongeza, na hapa sauti yake inabadilika: "Tajiri akinunua chupa mbaya anafungua nyingine. Huyu wa dola kumi na nane hana nyingine nyumbani."

Majira ya baridi yaliyopita homa ilimpokonya uwezo wa kunusa. Alijua siku alipounguza mkate wa mahindi akiwa amesimama mbele ya oveni. Garnett ndiye aliyeingia mbio kutoka uani akipiga kelele kwamba nyumba inaungua. Imelda alikuwa pale pale na kitambaa mkononi, hasikii harufu yoyote.

Hakumwambia mtu kazini. Alidhani itapita. Akawa anaonja kwa macho, anatazama rangi, anatazama nyuso za wenzake, halafu anatikisa kichwa kukubali. Ikafika siku Odell yuko hospitalini kwa ajili ya goti, na meza ina watu wawili tu. Noreen alikuwa na shaka kidogo na mchanganyiko wa siku ile. Akamtazama Imelda. Imelda naye alikuwa akimtazama Noreen. Kila mmoja alisoma uso wa mwenzake akaona kwamba mambo ni sawa.

Chupa zikaenda madukani zikiwa na harufu ya ukungu. Aliisikia habari kwenye karamu ya samaki ya Ijumaa pale kanisani, shemeji yake aliposukuma glasi pembeni.

"Hii ya kijani mwaka huu mmeifulia soksi?" aliuliza, na meza nzima ikacheka.

Imelda hakucheka. Jumatatu iliyofuata aliingia kwa Noreen, akasema yote, akaomba aondolewe mezani. Alirudishwa kwenye mashine za chupa.

"Niliona aibu mpaka nikashindwa kula," anasema. "Si kuugua. Kuugua si kosa. Kunyamaza ndiko kulikoniuma."

Lakini kukata tamaa hakukata. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza la nyuma na mitungi yake: karafuu, siki, mahindi, kipande cha mwaloni uliochomwa. Ananusa, anataja jina, anajaribu kukumbuka. Miezi ilipita bila dalili yoyote. Harufu ya kwanza kurudi haikutoka kwenye mtungi. Ilikuwa ya kicheche aliyegongwa na gari barabarani.

"Nilimwambia Garnett asimamishe gari. Nikatoka nje nikalia kwa furaha. Kwa kicheche!" anacheka mpaka anajifuta macho. "Yeye alidhani nimerukwa na akili. Amekaa ndani, ameziba pua, ananiita, 'Mama, ingia basi, tutakufa hapa!'"

Raundi ya pili anapatia pia. Inabaki ya tatu, nayo Noreen ameimimina kutoka kwenye mchanganyiko unaotakiwa kuingia kwenye chupa wiki hii, kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Odell aliunusa jana akaukubali.

Imelda anakaa na glasi hizi muda mrefu kuliko zote.

"Iliyo tofauti ni ya kati," anasema hatimaye. "Imeongezwa maji."

Noreen anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umepita, Imelda."

"Ngoja. Zote tatu zina ukungu."

Noreen anaweka kalamu chini. Imelda amekwisha kurudishiwa kiti chake. Angeweza kusema asante akaenda nyumbani. Odell anazivuta glasi kwake, ananusa, anatikisa kichwa.

"Sisikii kitu, binti. Pua mpya hiyo, inakusumbua."

"Labda. Lakini mimi nasema hapana."

Sheria ya meza hii ni kwamba hapana moja inatosha kusimamisha kila kitu. Noreen anapumua kwa nguvu, anapiga simu kwenye mashine za chupa, kisha wote watatu wanashuka ghalani kukagua mapipa ya mchanganyiko huo. Odell anatangulia na mrija wa shaba wa kuvutia sampuli, akilalamika juu ya goti lake njia nzima.

Pipa la kwanza ni zuri. La pili ni zuri. Odell anaanza kupiga mluzi. Wanafika kwenye mapipa ya ghorofa ya chini, karibu na ukuta unaovuja, naye anamimina, ananusa, na mluzi unakatika.

"Ah, mama wee," anasema.

Anampa Noreen glasi, kisha anakuna kidevu. "Jana na leo asubuhi nilikula ile nyama ya nguruwe ya chumvi ya dada yangu. Mbili tu, nilijiambia."

"Vipande viwili?" anauliza Noreen.

"Sahani mbili."

Wanacheka wote, na kicheko cha Imelda ndicho kirefu zaidi. Mapipa ya ukutani yatatolewa, yaliyobaki yataonjwa moja moja, na maduka yatasubiri. Kuna watu ofisini ambao hawatafurahi. Imelda anasema waje waongee naye, yupo.

Namuuliza atafanya nini pua ikimwacha tena. Daktari amemwambia inawezekana.

Anaupokea mrija kutoka kwa Odell na kuukung'uta matone ya mwisho.

"Nitasema," anajibu. "Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya glasi ya kwanza."

Kisha anainama kwenye pipa linalofuata.