Meshi za Glodie

Madame Ndaya hakuwa mtu wa kumwamini mwenzake haraka. Kule Kasulo, mtaa wa wachimbaji alikokuwa akikaa zamani, jirani aliyemsalimia vizuri kila asubuhi alikuwa akichimba madini kimyakimya hadi chini ya ua wa Ndaya, mpaka jiko la Ndaya likatumbukia shimoni pamoja na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tangu hapo, ukimchekea sana, anaangalia miguu yako kama ina vumbi la shimo.

Sasa alifundisha watoto wa miaka mitano katika shule moja ya chekechea upande mwingine wa mji wa Kolwezi, na kazi aliijua. Alikuwa na mikasi minne butu kwa watoto ishirini na tisa, basi alibuni mchezo wa soko. Wengine walichana karatasi za kijani kwa vidole, wengine wakazikata ziwe majani ya sombe, na waliobaki wakanunua huku wakingoja zamu yao.

"Kidole gumba ku juu," aliwakumbusha. "Mukasi inafungua kinywa, inafunga kinywa."

Mikononi mwa wengi mikasi iliitafuna karatasi tu. Si kwa msichana mmoja, Glodie. Jumanne moja alichukua uzi wa sufu, akaupima kwenye mkono wake kuanzia kiwiko hadi kiganja, akakata. Akapima tena, akakata. Alipofikisha nyuzi kumi na mbili, zote sawa, akazilaza mezani moja moja kama mtu mzima aliyezoea kazi.

Ndaya alichuchumaa kando yake. "Glodie, unauzisha nini?"

"Meshi, Madame."

"Nani alikufundisha?"

"Papa. Tunakataka naye ku nyumba. Lazima sawasawa, moja ikikuwa mufupi inaharibisha kazi yote. Kiisha Papa anachoma ncha na moto."

Ndaya aliinuka. Katika mji wa wachimbaji, nani asiyejua meshi? Ni ule utambi unaowashwa kulipua mwamba. Na Tata Kalumba, baba wa mtoto, alikuwa mchimbaji, watu wote walijua. Mchana alipokuja kumchukua bintiye, Ndaya alimkagua toka kichwa hadi kiatu. Baba huyo alishika mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa mafundo mawili. Shati lake lilinuka kitu kilichoungua.

"Kazi inaenda, Tata?"

"Inaenda kidogo, Madame." Akauhamishia mfuko mkono wa mbali.

Ilitosha. Ndaya alikwenda moja kwa moja kwa direktrisi, mkuu wa shule, Mama Blandine, akamwambia kuwa Glodie anakatishwa tambi za baruti nyumbani kwao. Angeweza kumuuliza baba mwenyewe kwanza, lakini alikwisha kumhukumu kwa ajili ya mfuko. Mama Blandine aliamuru mtoto asiingie shuleni hadi jambo lieleweke. Jumatano asubuhi Glodie alirudishwa langoni, mkoba mgongoni, akilia kwamba leo ni zamu yake ya mkasi.

Alhamisi Tata Kalumba alikuja peke yake na mfuko wake. Alifungua mafundo mbele ya wanawake wale wawili bila haraka, akaumimina mezani. Zilikuwa nywele za bandia, nyeusi na nyekundu, zimekatwa urefu mmoja na kufungwa mafungu mafungu.

"Meshi ni hii," alisema. "Mugongo yangu iliumia mu shimo, siwezi tena kushuka. Bibi yangu, mama ya Glodie, anasukaka bantu nywele ku nyumba, mi namukatia. Akimaliza, nachoma ncha kusudi isifunguke. Naficha mu mufuko juu benzangu ba mu shimo banacheka." Kisha akamgeukia Ndaya. "Na weye, Madame, meshi iko ku kichwa yako."

Mkono wa Ndaya ulipanda wenyewe hadi kwenye misuko yake, ambayo haikuwa na hata wiki moja. Jumamosi iliyopita alikuwa amelitamka neno hilohilo kwa msusi, akichagua rangi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Aliomba msamaha mara mbili. Tata Kalumba alirudisha nywele mfukoni, akafunga tena mafundo mawili, akakubali mtoto arudi.

Jumatatu Glodie alirudi. Ndaya alikuwa amefungua saluni katika soko lake la darasani, kwa ajili ya Glodie hasa, akaweka na kichwa cha katoni cha kusukia. Alimpa mkasi ulio mzuri kuliko yote na bunda zima la sufu. Glodie alipima, akakata, akalaza. Zote sawa.

"Kazi muzuri," Ndaya alimwambia. "Na jana ku nyumba mulifanya nini na Papa?"

Glodie aliweka mkasi chini. Aliangalia mlango kwanza, kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Papa alisema mambo ya kwetu nisikuambie tena, Madame."